Ramani na Mshauri wa Ghala

Wenzake walimwita Ramani. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mtunza ghala la vipuri vya pampu za maji, mali ya shemeji yake, kaka wa mkewe. Rafu arobaini, hakuna namba hata moja. Ukitaka kitu, unamuuliza Ramani. Anafumba macho, anakuna kidevu, anakwenda moja kwa moja.

Siku moja shemeji akamwambia anataka kufunga mashine za kupanga na kutoa mizigo, na kuna mshauri wa mambo hayo.

"Mshauri wa nini, shemeji? Mimi si nipo?"

"Ndiyo maana nakuuliza. Shinda naye siku moja, kisha uniambie nimwajiri au nimwache. Ukikataa, yameisha."

Ramani alikwisha kukataa moyoni. Alitarajia bwana wa suti na tai. Akaja mama wa makamo aliyevaa raba, akamfunga Ramani kidude cha kuhesabu hatua kiunoni, akaomba kigoda, akaketi kumtazama.

Ramani akaazimia kumwonyesha kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye. Kila mteja alipoagiza, alikwenda mbio akarudi mbio. Mchana akaja fundi kutaka beringi za pampu ya kisima. Ramani akafumba macho, akakuna kidevu, akaenda rafu ya nyuma. Hazipo. Akapanda ngazi. Hazipo. Fundi akachoka kusimama, akaketi juu ya katoni, usingizi ukampitia.

"Juzi zilikuwa hapa," Ramani alisema, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi.

Mshauri akainuka, akainama karibu na fundi, akasoma maandishi ya ile katoni. "Mzee wangu, mteja amezikalia."

Jioni akasoma kidude: kilomita kumi na saba.

"Mashine bado," alisema. "Ghala likiwa kichwani mwa mtu mmoja, mashine itapoteza vitu haraka zaidi tu. Tuanze na namba kwenye rafu. Wewe unataja, mimi naandika. Miezi mitatu."

Nyumbani, Ramani aliloweka miguu katika beseni, akamsimulia mkewe yote.

"Kilomita kumi na saba," mkewe alisema. "Nami nikikutuma chumvi hapo dukani, unaniambia magoti."

Ramani aliendelea kusugua miguu. Kilichomkaa rohoni si magoti bali zile beringi. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini hiyo ilikuwa mara ya tatu mwezi huo kufumba macho na kukuta giza tupu.

Asubuhi akamfuata shemeji yake ofisini. "Mwajiri yule mama."

"Una hakika?"

"Ninayo. Ila namba nitazibandika mwenyewe."

Kazi ilichukua miezi mitano badala ya mitatu. Kila katoni ilikuwa na kisa chake, Ramani hakukubali kuruka hata kimoja, na mshauri, kwa bahati mbaya ya shemeji aliyekuwa akimlipa, alipenda visa.