Vichwa vya Trauti Kwenye Friza

Mama alikuwa na wiki tatu tu London alipotaka nimtafutie tiketi ya kurudi Unguja. Viza yake ilikuwa ya miezi sita. Kisa, samaki. Nilimnunulia wa boksi, minofu iliyokatwa pembe nne, akaigeuza kwa uma na kuuliza, "Huyu alikuwa nani?" Wa sokoni Lewisham walikuwa na vichwa, lakini aliwatazama macho akasema hao wamekufa tangu mwaka jana.

"Sasa mimi nakaa hapa kufanya nini?" akaniuliza.

Nilikuwa nimetoka kazini nimechoka, nikamjibu kwa hasira: nisipomlisha samaki mbichi mwenye kichwa chake kufikia Jumatatu, tiketi nitamnunulia. Maneno yakishatoka hayarudi. Nilitaka abaki. Nilipenda kufungua mlango nikamkuta kwenye kochi karibu na hita, mikono mapajani, na mimi nikamwambia kama kila siku, "Pumzika, Mama, usishike kitu."

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Wiki hiyohiyo meneja wetu alikuwa akiandaa timu ya mashindano ya kuvua trauti, samaki wa maji baridi, nje kidogo ya mji. Mimi alishaniandikisha bila kuniuliza, kwa sababu nimezaliwa kisiwani. Sikumwambia kwamba samaki nimewajua mezani pale sokoni Darajani, na kwamba boti ya Dar hunitapisha hata haijaondoka bandarini. Ila nikasikia kuwa kila mshiriki huondoka na samaki wake. Nikamwandikisha Mama kuwa mwenzangu wa mashua.

Ziwa lenyewe lilikuwa shimo la kuhifadhia maji ya mfereji, haya tunayokunywa mjini. Trauti waliletwa kwa lori siku mbili kabla, wakamwagwa humo. Nikamweleza Mama.

"Wamewaleta, wakawatupa, na sasa wanawatafuta?"

"Ndiyo, Mama."

"Na watu hawa wana kazi zao?"

Akavalishwa jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa juu ya buibui. Mimi nikashika mota, kwa mafunzo ya dakika kumi. Uvuvi wenyewe ulikuwa wa kurambaza: mashua inakwenda polepole, mshipi unaburutwa nyuma, samaki akipenda anaufuata. Tukazunguka, tukazunguka. Kila tulipopishana na mashua ya meneja alininyanyulia dole gumba, na mimi nikainamia upande wa pili kutapika. Mama alininusisha ndimu aliyonibebea kwenye mkoba.

Mzunguko wa nne, fimbo yake ya kuvulia ikapinda. Hakujishughulisha na kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Alibwaga fimbo chini, akaukamata mshipi kwa ncha ya mtandio, akavuta kama anayeteka maji kisimani. Akapanda trauti mnene, mwenye madoadoa, na kichwa kamili. Nikalia, wala sikuona haya.

Nikageuza mashua kwenda kwenye mizani, macho yangu yote yakiwa kwenye gati nisije nikaligonga. Nilipokwisha kufunga kamba nikatazama nyuma, na Mama alikuwa amemaliza. Alishampara samaki kwa kisu chake cha kumenyea matunda, akamtoa matumbo na mashavu, akampiga mikato mitatu kila ubavu, akamsugua kwa ile ndimu yangu na kipakti cha chumvi cha chipsi za jana.

"Mama! Anapimwa kwanza!"

"Akapimwe mchafu? Nimpelekee mtu samaki na uchafu wake tumboni, aseme nimelelewa wapi?"

Mzee wa mizani alimtazama trauti kwa muda mrefu. Akaniuliza kwa upole matumbo yako wapi. Nikamwonyesha ziwa. Akavua kofia. Kwa wiki nzima baadaye nilichemsha maji ya kunywa mara mbili.

Akatupimia kwa heshima tu, maana sheria ilitaka samaki mzima. Trauti wetu, bila matumbo, alizidiwa na wa kwanza kwa uzito wa ndimu moja. Tukafutwa. Meneja akanitazama kana kwamba nimemficha siri ya ukoo. Kisha akamtazama trauti, safi, ananukia ndimu, halafu akatazama wake wawili wanaovuja kwenye mfuko. Akaja nao kwa Mama.

Baada ya hapo ikawa foleni. Mama alikaa juu ya kreti akapara samaki wa watu saa mbili nzima, mzee wa mizani akimshikia ndoo, naye Mama akimgombeza kwa Kiswahili kwamba anaishika kombo. Mzee akainyoosha. Wale watu hawali vichwa, wakamwachia vyote. Tukarudi kwa treni na trauti mmoja na vichwa kumi na tisa.

Nyumbani, kwa mazoea, nikafungua mdomo kumwambia apumzike. Nikaitazama ile mikono yake, imejaa magamba. Wiki tatu nilikuwa nikimfukuza jikoni kwangu nikidhani namtunza. Nikafungua droo, nikampa kisu kikubwa.

"Mama, nikatie vitunguu."

Akakata. Trauti akaingia kwenye mchuzi na vichwa vinne. Hakunitazama aliponiuliza, "Tiketi ushanunua?"

"Bado. Leo Jumamosi."

"Basi ngoja kwanza vichwa viishe."

Akaenda kuoga. Nikachukua vichwa vitatu, nikavifunga kwenye mfuko mweusi, nikavificha chini kabisa ya friza, nyuma ya mbaazi.