Wateja wa Mama Mkwe

Mlango wa nyumba ile ulikuwa na geti la chuma, geti lina kufuli, na ufunguo wa kufuli ulining'inia kwa uzi shingoni mwa mwanamke ambaye kabla ya hapo alikuwa mkandaji wa unga katika kiwanda cha mikate. Alikuwa na mikono mipana, ya kulisha mtaa mzima. Sasa kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya mama mkwe, kuyaanika dirishani, na kuyafua tena.

Mama mkwe alipotewa na kumbukumbu. Ujana wake wote aliuza vitambaa dukani kwake, na kichwani mwake duka lile bado lilikuwa wazi. Kila kukicha aliuliza, "Wateja wamefika?" Asubuhi moja alichoropoka, wakamkuta katikati ya barabara kuu na gauni la kulalia, anasimamisha magari awapimie madereva kitambaa cha suruali. Ndipo mwanawe, dereva wa malori ya masafa marefu, akanunua kufuli.

"Mama asitoke," alimwambia mkewe, akapanda lori, huyoo.

Hakusema kwamba na mke asitoke. Angesema ya nini? Nani mwingine angebaki na mama?

Watu humwelezea mwanamke wa namna hii kwa maneno mawili: yupo tu nyumbani. Yupo tu! Mfungwa wa serikali hutolewa uani akaota jua. Huyu jua alilionea kwenye mashuka. Na sifa zilimmiminikia. Majirani walimwita mkwe wa mfano. Wifi yake alipiga simu, "Mungu atakulipa, wifi yangu," akakata kabla hajaombwa kuja hata siku moja. Kila sifa ilikuwa kufuli jingine.

Aliyekuwa akija ni mmoja tu, msusi aliyefanya kazi kwenye kibaraza cha duka la pembeni. Walijuana tangu usichana wao, walipopanga chumba kimoja na kulala kitanda kimoja. Watu walimpachika jina la Redio, maana alianza kusema kwenye msuko wa kwanza akamaliza kwenye wa mwisho. Kila mchana alimwacha mteja na kichwa nusu, akaja kusimama getini.

"Mwenzangu, upo hai au niagize jeneza?"

"Agiza la watu wawili."

Siku moja aliuliza asijibiwe. Akachungulia. Rafiki yake alikuwa ameketi sakafuni kwenye ujia, shuka bichi mapajani, macho ukutani. Redio alimbembeleza mpaka akavua ufunguo na kuusukuma kwa mguu. Akaingia. Akamwogesha mama mkwe, akapika, akawalisha wote wawili, kisha akachukua beseni akamwosha rafiki yake miguu kama mtoto. Muda wote ule Redio hakusema neno. Mkandaji aliogopa ukimya ule kuliko alivyoiogopa hali yake mwenyewe, na ndio uliomwinua.

Baada ya hapo ukaja ujumbe kutoka kiwandani. Msimamizi alisema nafasi yake ipo hadi Jumatatu. Asipofika, anapewa mwingine.

"Nitaendaje?" alimuuliza Redio.

"Kwa miguu. Umesahau inavyotumika?"

Hawakupata nafasi ya kucheka. Mama mkwe alikuwa amelishika geti kwa mikono miwili, analitikisa. "Fungueni! Wateja wananisubiri!"

"Mama, duka lilifungwa zamani," alisema mkandaji, kama alivyosema jana na juzi. Na kama jana na juzi, bibi alipiga yowe, akamkwaruza shingoni. Humo ndani wote walikuwa waungwana wa kusema kweli, na kwa kweli yao hiyo walimfilisi mwanamke mzee kila siku iendayo kwa Mungu.

"Wamefika, bibi," Redio aliropoka. "Wamejipanga foleni. Wanasema wewe keti kwanza, ndio waingie."

Bibi aliachia geti. Akaketi, akanyoosha gauni lake, akangoja.

Kesho yake Redio alikuja na kiti chake, vitana vyake na mteja wa kweli aliyevaa gauni la maua. Alipoanza kusukwa, bibi alisogea akapapasa mkono wa gauni.

"Nani kakuuzia hiki? Mvua ya kwanza, kinachuja."

"Bibi! Gauni la juzi hili!"

"Basi aliyekuuzia anakucheka mpaka sasa hivi."

Redio alicheka hadi kitana kikamponyoka. Siku hiyo bibi hakuligusa geti. Wala siku iliyofuata.

Lakini mteja mmoja alilalamika joto la kile chumba, na harufu yake, akauliza kwa nini Redio alikubali kibaraza kitwaliwe na fundi simu. Mkandaji alisikia kutoka jikoni. Akasubiri mteja aondoke.

"Umepoteza kibaraza chako. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenifukuza."

"Sasa mimi nitakushukuru vipi?" Hata shukrani ilikuwa mzigo. Hakuwa na pa kuiweka.

"Nenda kazini. Ukibaki hapa unanishukuru, nitakuwa nimehama bure."

Jumapili alasiri dereva alipiga simu. Dada yake alikuwa ameshamfikishia habari.

"Nasikia nyumba ya mama yangu imegeuka saluni."

"Mama anacheka siku hizi."

"Mama ni mgonjwa, siyo kichekesho. Watu watoke. Kesho kila kitu kama kawaida."

Kwa kila simu yake jibu la mkewe lilikuwa "Sawa." Hata sasa lilimjia ulimini lenyewe. Akamtazama Redio, aliyekuwa anafagia nywele taratibu kama mtu asiye na pa kurudi.

"Kesho nakwenda kiwandani," alisema. "Mama atabaki na rafiki yangu, na ufunguo atakuwa nao yeye. Ukiona haifai, geuza lori, uje ukae naye mwenyewe."

"Tutaongea nikirudi," alisema dereva.

"Tutaongea."

Aliweka simu mezani kwa mikono yote miwili.

Jumatatu alfajiri alitembea upesi, shingo imejikunja, akisubiri kuitwa arudi. Kiwandani, mlango mzito wa chumba cha unga ulipojifunga nyuma yake aliruka. Akaomba uachwe wazi kidogo. Wenzake wakatazamana, wakauachia. Alichagua meza ambayo angeuona mlango, akazamisha mikono ungani. Mabega yalimuuma mapema, hakuyapumzisha.

"Mkweo umemwachia nani?" aliuliza jirani yake wa mezani. "Wifi yako?"

"Rafiki yangu."

"Kha! Mgonjwa wa vile, unamwachia rafiki tu?"

Mkandaji alisimamisha mikono. Akamweleza jirani huyo habari ya beseni na ya kibaraza, kwa sauti ya kumfikia kila mtu, mpaka msimamizi naye akasogea kusikiliza. Kisha akaukunja ule unga, akaugeuza, akaendelea.