Jiwe Lililokunjika Kabla ya Baruti

Msimamizi wa machimbo ya mawe alikuwa na jina la utani: Hakosei. Wafanyakazi walimpa jina hilo nusu kwa heshima, nusu kwa kumcheka, naye akalipokea lote. Alikuwa akigonga mwamba kwa nyundo, akitega sikio, kisha anatamka: hili litatoa bamba zuri, hili ni kifusi. Mara nyingi ikawa hivyo.

Fundi wa baruti pale machimboni alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mpole wa maneno machache. Miaka kumi na mmoja iliyopita, asubuhi moja, fundi huyo alilipua ukuta wa mashariki. Vumbi lilipotulia, watu wakashika viuno. Kwa kawaida jiwe la pale lilikuwa na matabaka yaliyolala mshazari, yamenyooka kama mistari ya daftari. Lakini katika sehemu ya chini ya ukuta ule matabaka yalikuwa yamejikunja na kujiviringisha kama shuka la mgonjwa. Jiwe la namna hiyo halikatiki bamba hata kwa dawa.

Mwenye machimbo alikuja mbio. "Nani kaniharibia mwamba?"

Hakosei ndiye aliyekuwa amechagua mahali pa kutoboa matundu ya baruti. "Baruti ilizidi," akasema. "Imeukoroga mwamba."

"Shemeji," fundi akasema taratibu, "mwamba ulikuwa hivyo kabla sijautoboa. Nitazame basi."

Hakumtazama. Fundi alifukuzwa kabla ya saa sita mchana, na kila alikoomba kazi, habari ilikuwa imemtangulia. Akaishia kushona viatu barazani kwake.

Mwaka huu alifika mtaalamu wa miamba, mama wa makamo aliyevaa kofia pana, kuchora ramani ya mawe ya eneo lile. Alipofika ukuta wa mashariki alipiga kigelegele.

"Hapo usipoteze muda, mama," Hakosei akamwambia. "Paliharibiwa na baruti."

"Baruti gani, baba? Baruti hupasua, haikunji. Nionyeshe ufa mmoja tu kwenye mikunjo hii."

Hakosei akapitisha kidole, akatafuta, akatafuta tena. Hapakuwa na ufa.

Mama yule akachota mchanga, akaumwaga chini ukawa kilima kidogo. "Hapa palikuwa jangwa, kabla hajawahi kuwapo mtu duniani. Upepo ulikuwa unasukuma mchanga kupanda tuta upande huu, ukifika kileleni unaporomoka upande wa pili. Kila ukiporomoka, tabaka moja la mshazari. Tuta likasogea, jingine likalifunika. Baadaye maji ya ardhini yakapanda, mchanga wa chini ukalowa chepechepe. Halafu kitu kikautikisa, pengine tetemeko, pengine uzito wa tuta jipya. Mchanga uliolowa ukitikiswa unalegea kama tope, unateleza, unajikunja. Ulipotulia, upepo ukaufyeka juu, ukaleta mchanga mwingine. Mchanga wote ukaja kugeuka jiwe baadaye sana, na mikunjo yake."

"Una hakika, mama?"

"Tazama pale juu. Matabaka ya juu yamepita yamenyooka, yamekata vichwa vya mikunjo kama kwa kisu. Ingekuwa baruti, haya yangeponaje?"

Hakosei alikuwa amepita mbele ya ukuta ule kila siku ya kazi kwa miaka kumi na mmoja. Akasema anakwenda kunywa maji, akajificha nyuma ya banda la misumeno, akakaa chini. Kutojua mambo ya majangwa kusingemwaibisha hivyo. Lililomchoma ni kwamba siku ile alijua kuwa hajui, na bado akasema.

Jioni alimweleza mkewe. Mke aliacha kukunja nguo. "Mbona unaniambia mimi? Mimi ndiye niliyefukuzwa?"

Kesho yake akaenda barazani kwa shemeji. Alimkuta na sindano mkononi. Akaeleza yote akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kiti.

Shemeji alichomeka sindano kwenye soli. "Unajua," akasema, "kila siku nilikuwa naipima ile baruti upya kichwani. Mwishowe nikaamini. Nikajiambia, labda kweli nilizidisha."

Hakosei alitamani baraza limmeze. "Nisamehe, shemeji."

"Hapa tuko wawili. Kule uliniaibisha mbele ya watu arobaini."

Jumatatu wafanyakazi walikusanywa chini ya ukuta, fundi na mtaalamu nao wakiwapo. Hakosei alisema nani alichagua mahali pale, na kwamba alimsingizia fundi ili kujiokoa. Mtu mmoja akacheka, mwingine akasonya, naye Hakosei akavumilia. Mwenye machimbo, akikwepa macho ya watu, alimwambia fundi kazi yake ipo akiitaka.

"Mikono yangu imeshazoea sindano," fundi akajibu. Hakumpa shemeji yake mkono. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akaweka kiganja juu ya mikunjo.

"Mama," akamwita mtaalamu, "jangwani maji yalitoka wapi?"

Mama yule akafurahi kuulizwa, na wakazama katika mazungumzo, wakionyeshana matabaka. Hakosei alisimama kando na futi yake ya kupimia mkononi, akisikiliza. Hakuna aliyemuuliza neno.