Tairi la Nyuma na Wali Mpya

Ndugu yangu Dionisi alizaliwa njiani, mama akitoka kuchota maji, na sidhani kama aliwahi kufika nyumbani tangu siku hiyo. Mimi Justa ni dada yake mkubwa, nimembeba mgongoni, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Ukimpa kigoda atakalia ncha tu, goti likimtetemeka. Alivua samaki, akaacha. Alifyatua matofali misheni, akaacha. Akawa utingo wa lori la Mahenge, akaacha. Mwaka wa hamsini na sita akanunua pikipiki kuukuu kwa msimamizi wa barabara aliyekuwa akihama, akaanza kuchukua samaki wakavu Kivukoni, kando ya mto, na kuwauza sokoni Ifakara. Hiyo kazi hakuiacha, maana ilikuwa kwenda na kurudi tu.

Mkewe, Yosefina, alikuwa mtu wa kutulia. Kila msimu alivuka mto kwenda kwenye shamba lao la mpunga, akaishi kwenye dungu akifukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Shamba lenyewe walipewa na mzee Tadei, baba yake Yosefina. Dionisi alimpelekea mkewe chumvi na mafuta ya taa, akalala siku moja, na asubuhi ukiuliza yuko wapi unaonyeshwa vumbi.

Sasa, kwetu mchele mpya hauliwi ovyo. Mwanamke anapika, na mwenye shamba ndiye anayetia mkono wa kwanza kwenye sahani. Huko ndiko kulimbua. Misimu iliyopita Yosefina alimngoja mumewe mpaka wali ukalala, akala kiporo na machozi. Safari hii, siku ya kuondoka kwenda shambani, alimwambia mbele yangu, wala hakupandisha sauti.

"Jumamosi ya kwanza ya mavuno nitapika. Jua likitua hujafika, atalimbua baba. Na akilimbua baba, shamba limerudi kwetu, na mimi nimerudi kwetu."

"Mke wangu, nitafika hata chungu hujabandika," Dionisi alijibu, akiwa ameshasimama.

Mavuno yakaanza, na Ijumaa jioni, mkesha wa Jumamosi hiyo, tairi la nyuma likapasukia sokoni. Jumamosi asubuhi nilimkuta uani ameilaza pikipiki ubavu kama mbuzi wa kuchinjwa.

"Shikamoo, dada," alisema bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Nenda kwa miguu, Dionisi. Ukitoka sasa utafika jua lipo."

"Baba mkwe aliiita chuma chakavu mbele za watu. Nitaingia nayo pale."

Nilitamani kumzaba kofi. Mke anamponyoka, yeye anawaza injini!

Fundi Muhidin alikuwa amesafiri, na vyuma vyake vya kutolea tairi amevifungia ndani. Mtu mwingine angesoma ishara hiyo akafunga safari kwa miguu. Dionisi akaazima spana kwa Salimu muuza duka, akanunua na tyubu mpya, kisha akaingia jikoni kwangu bila hodi, akatoka na mchi. Akalitwanga tairi pembeni kwa mchi mpaka likabanduka kwenye rimu. Akachukua majembe mawili yaliyokwisha makali, akayachomeka kati ya tairi na rimu, akaling'oa akivuta huku na huku. Tyubu ya zamani ikatoka, viraka tupu. Akaingiza mpya, akarudisha tairi kwa majembe yale yale, jasho likimtiririka, akapiga pampu ya baiskeli.

Tukasikia fyuuu. Jembe lilikuwa limeing'ata tyubu.

Akatoa, akabandika kiraka, na kabla gundi haijakauka akarudisha. Fyuuu tena, mahali pengine. Wahenga walisema mkamia maji hayanywi, na mimi nilikuwa nikimtazama mkamia maji mwenyewe, anazunguka uani, anapiga teke ndoo, anatazama jua, anarudi kuchungulia gurudumu.

"Bado unaweza kwenda," nilimwambia. "Mimi nitakulindia hiyo pikipiki."

"Karibu namaliza, dada."

Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Nikamwamuru alitoe tena na kubandika kiraka kingine, nikaanika tairi juani lilainike, nikakoroga maji ya sabuni, nikaleta miiko yangu miwili mipana ya kusongea ugali, maana mti hauchani mpira. Gundi ilipokauka barabara nikapaka sabuni mdomo wa tairi.

"Piga magoti hapa juu yake. Usiinuke mpaka nikuambie."

Akapiga magoti. Tairi likazama kwenye bonde la rimu upande wake, likalegea upande wangu, nami nikalisukuma kwa mwiko kidogo kidogo. Nilimsikia akihema. Mara mbili alitaka kuinuka, mara mbili nikamkandamiza bega. Tairi likaingia. Tukajaza upepo, ukakaa. Alicheka kama mtoto, akanikumbatia na grisi yake, nami nikacheka pia, Mungu anisamehe. Jua lilikuwa limeshainama wakati anaondoka.

Yaliyofuata alinisimulia Yosefina. Pantoni ya Kivukoni ilikuwa ng'ambo ikingoja lori, na huko huko ng'ambo barabara ya kwenda shambani ilikuwa tope. Yosefina alishapakua wali pale shambani, mbele ya dungu. Mzee Tadei alishanawa, amekaa mbele ya sahani, anatazama magharibi kwa kumwonea mkwewe huruma. Jua likatua. Wakati huo huo ikasikika pikipiki mbali, inanguruma na kukwama, inanguruma na kukwama.

"Mwanangu, tumsubiri?" mzee aliuliza. "Si huyo anakuja?"

Yosefina alisikiliza. Aliniambia alikuwa akiijua sauti ile vizuri, maana miaka yote aliisikia ikiondoka.

"Jua limetua, baba. Kula."

Mzee akatia mkono, akala tonge la kwanza.

Dionisi aliingia penye dungu tope hadi mapajani, anacheka, injini bado inawaka nyuma yake. "Nimefika! Baba, shikamoo! Nimefika!"

Yosefina akainuka. Akatandika pembeni mkeka wa wageni, akaleta birika na bakuli, akainama mbele yake kwa adabu zote.

"Karibu, mgeni," alisema.

Akamimina maji, na Dionisi akanawa.