Nilisema Mke Wangu Hatumii Dawa Nyingine

Kosa ni langu. Nalitanguliza mapema kwa sababu najijua, nikianza kueleza nitatafuta mlango wa kutokea. Mimi ni mzee wa Muleba. Shule niliishia darasa la tatu, na nilichonacho, nyumba, kibanja cha migomba, gari la kupeleka ndizi Bukoba mjini, nimekipata kwa jasho langu. Sikuzoea kuambiwa. Sasa nisikilize wewe unayesoma, maana ndugu zangu wamekataa kunisikiliza.

Mke wangu ana ugonjwa wa sukari. Hospitali walimpa vidonge vya kuishusha. Binti yetu wa mwisho anasoma unesi mjini, amepanga chumba Rwamishenye, na ndiye aliyemwelekeza mama yake namna ya kuvitumia: meza asubuhi, ule, usimeze na kukaa njaa. Na usichanganye na kitu kingine bila kuuliza.

Akija nyumbani alikuwa anajisomea kwa sauti huku anamenya ndizi. Dawa inaingia mwilini hivi, inafanya kazi hivi, inatoka hivi. Mimi, Tata wake, nikimchokoza.

"Na ikikataa kutoka?"

"Inajaa mwilini, Tata, inageuka sumu. Ndiyo maana kuna kipimo."

"Mama yangu alitulea sote bila kipimo."

"Waliokufa hukuwahesabu," mke wangu akadakia, na tukacheka wote.

Nilicheka, lakini lilinichoma. Mtoto niliyembeba mgongoni anifundishe mwili?

Kwetu kuna omubilizi, mti mdogo wa majani machungu unaoota pembeni mwa kila kibanja. Homa, tumbo, minyoo, sote tumeunywa tangu utotoni. Nikapiga hesabu yangu ya darasa la tatu: huu ni ugonjwa wa utamu, basi uchungu utaufukuza. Binti aliporudi chuoni nikatwanga majani, nikakamua, nikampa mke wangu kikombe kizima asubuhi juu ya kidonge chake, kabla hajala kitu. Akakunja uso, akanywa. Kesho yake tena. Nikasema kimoyomoyo, tutaona nani daktari hapa.

Balaa ni kwamba yale majani yanafanya kazi. Laiti yangekuwa bure tu.

Asubuhi moja alikuwa anachagua maharage. Jasho likamtoka, mikono ikatetemeka, maneno yakampinda mdomoni kama mlevi. Kisha akaanguka juu ya ungo.

Hospitali walimpima, wakasema sukari imeshuka karibu kuisha. Wakamtundikia dripu. Nesi mmoja, mama mtu mzima, akanivuta pembeni.

"Baba, zaidi ya vidonge, kuna dawa nyingine anatumia?"

"Hapana," nikasema.

Ningeweza kujificha kwenye neno. Kwetu dawa ni ile ya dukani na ya hospitali, majani ni majani. Lakini sitajificha. Nilielewa vizuri alichouliza. Niliona aibu tu, mzee mzima na koti langu, kusema nimemnywesha mke wangu majani bila kumuuliza mtu.

"Vidonge nani anamsimamia?"

"Binti yangu. Anasoma unesi."

Hapo ndipo nilipomuuza mwanangu. Nesi aliguna, akasema huenda amemzidishia, wanafunzi bado wanajifunza. Na mimi nikanyamaza. Dada yangu, anayekaa Kibeta, alikuwa amesimama nyuma yetu. Alisikia kila neno.

Binti alipofika anahema, shangazi yake alimpokea mlangoni.

"Karibu, daktari. Umeshajifunzia kwa mama yako, sasa zamu ya nani?"

"Shangazi, vidonge nilimhesabia mwenyewe, sikuzidisha."

"Vidonge vina mdomo?"

Binti akanigeukia mimi. "Tata, alikula asubuhi? Alikunywa nini?"

"Mambo ya jikoni mimi siyajui," nikamjibu.

Mungu alimrudisha mke wangu. Tulimleta nyumbani akiwa dhaifu, na yale maneno ya ndugu hatukumwambia, wala binti hakumsumbua kwa maswali. Lakini maneno yalitembea. Kanisani watu walimwangalia binti yangu na kunong'ona. Jirani mmoja aliyezoea kumletea mtoto apimwe joto alianza kupita mbali.

Binti hakurudi chuoni. Alikaa jikoni, anamenya ndizi bila kusoma kitu. Nilimuuliza masomo yanaanza lini.

"Sijui kama nitaenda, Tata. Nimerudia kichwani kila nilichomwelekeza Mama, sioni nilipokosea. Hilo ndilo linaloniogopesha. Mtu asiyeona kosa lake atashika wagonjwa wa watu?"

Na unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Kazi hiyo si ya kila mtu. Pumzika." Mimi. Kwa kinywa hiki.

Aliyenifichua ni mke wangu, bila hata kukusudia. Alikuwa anaota jua mlangoni, binti anamchana nywele. Akaniita kwa utani, "Mzee, siku hizi mbona huniletei ule uchungu wako? Au umeona nimepona?"

Kitana kikasimama.

"Uchungu gani, Mama?"

"Omubilizi wa baba yako. Si ndio alikuwa ananipa kila asubuhi?"

Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Alianza kuniuliza kama wanavyouliza hospitali. Kikombe kipi? Yalikuwa mazito au mepesi? Kabla ya chakula au baada? Pamoja na kidonge? Nikajibu moja moja, kichwa chini, kama mwanafunzi aliyekutwa nje ya darasa.

"Tata, vile vidonge vinashusha sukari. Na yale majani yanashusha sukari. Wawili wamevuta kamba upande mmoja, na tumboni hamna kitu."

"Ni majani tu, mwanangu."

"Chochote kinachobadili kazi ya mwili ni dawa. Ndilo somo la kwanza tulilofundishwa." Kisha akasema polepole, "Lakini nesi alikuuliza. Na mimi nilikuuliza."

 

Binti amerudi chuoni. Nilimwambia nitamsafisha mbele ya ukoo, nikadhani ni jambo dogo, mimi nikisema watu husikia. Nikawaita nyumbani, nikasimama, nikaeleza yote, majani, kikombe, jibu nililompa nesi. Dada yangu alinisikiliza hadi mwisho, akatabasamu.

"Kaka, tunakuelewa. Mzazi lazima amfunike mtoto wake."

Nikaapa. Wakatikisa vichwa kwa huruma. Mmoja akanisifu eti nina moyo wa baba. Uongo wangu waliuamini kwa neno moja nililolitupa wodini. Ukweli wangu nimeusema jioni nzima na hakuna aliyeupokea. Mke wangu naye alithibitisha, wakasema ni mama, atasema nini kingine.

Nilitaka kuandika jina langu hapa. Binti amekataa, amesema jina langu ndilo lake, limechafuka vya kutosha. Lakini nyinyi ndugu mliokaa sebuleni kwangu mkinywa chai yangu, mnajijua. Haya nimeyaandika yeye hayupo karibu, hamwezi kusema namfunika. Aliyempa yule mama sumu ni mimi.

Na wewe mzee mwenzangu mwenye mti wako pembeni mwa kibanja, sikukatazi. Ila ukiulizwa hospitali mgonjwa anatumia nini, taja yote, majani, mizizi, hata maji ya mganga. Taja palepale, wakati bado anayeuliza anakuamini. Mimi nilichelewa kidogo tu, na sasa binti yangu akiingia kwa watu na chombo cha kupimia, wanauliza kwanza kama ni yule aliyemzidishia mama yake dawa.