Wimbo wa Maziko Ulionyamazishwa

Erasmo ni mkulima wa ufuta na mwalimu wa kwaya ya kanisa la kigango chetu, huku milimani bara ya Kilwa. Nyimbo alizitunga kwa kalamu, baadaye kwa kompyuta chakavu yenye programu ya kuandikia nota. Watu wa mbali, asiowajua hata sura, waliitengeneza programu hiyo na kuigawa bure. Naye aligawa. Kwaya ikija kuomba wimbo, aliifundisha sauti zote nne, wakala ugali, wakaondoka na wimbo. Ndivyo tulivyoishi. Hakuna aliyeuliza wimbo ni mali ya nani.

Kwaya moja ya mjini ilijifunza kwake wimbo wa maziko. Wakaurekodi kwa Tomaso, kijana mwenye studio, naye akausajili mtandaoni kwa jina lake. Sisi hatukujua.

Mwaka jana Dativa, mke wa Erasmo, alifariki. Binti yao Monika anafanya kazi za ndani Muscat, na mwajiri alimnyima ruhusa. Tulimzika mama yake kwa wimbo ule. Kijana mmoja alirekodi video, akaiweka mtandaoni, kisha akaifuta kwenye simu apate nafasi. Kesho yake Monika alipiga.

"Baba, naona midomo inafunguka. Sauti hakuna."

Mtandao ulikuwa umeiondoa sauti, kwa kuwa wimbo una mwenyewe, na mwenyewe ni Tomaso.

Erasmo alishuka mjini. Tomaso alimpa shikamoo na soda, akasema sauti ataiachia siku hiyohiyo, ila Erasmo asaini kwamba amemuuzia wimbo, na vigango vyote viuimbe kwa kibali cha studio. Erasmo alijibu kwamba hajawahi kuuza wimbo.

"Ndiyo shida yako, Mwalimu. Uliugawa kama togwa, kila mpita njia akanywa. Mimi nimeuwekea mfuniko tu."

Soda aliiacha mezani. Aliniambia kwamba njiani alisimama mara nyingi, akitaka kurudi kusaini, kwa ajili ya Monika.

Jumapili baada ya ibada tulipanda kilima chenye mtandao, tukajipanga kwa sauti zetu. Erasmo alimpigia binti yake, akainua simu, tukaimba. Kwenye ubeti wa tatu salio liliisha. Tuliendelea hadi mwisho, naye bado ameinua simu. Monika alisikia beti mbili.

Kwaya za jirani bado huja kwake. Bado hufundisha, ila kwanza huketi mlangoni na kikapu, akikusanya simu zao.