Hodi ya Oktoba

Mama alipotoka Bukavu kuja kuishi nami hapa Wheaton, Marekani, alikuja na sanduku moja, na kwa miezi kadhaa hakutoa nguo zote. Kilichomkera hakikuwa baridi, kilikuwa mlango. "Nyumba gani hii haina hodi?" aliniuliza kila niliporudi kutoka kazini, kwenye makao ya wazee ninakohudumu. Kwetu jirani hupiga hodi akiomba chumvi, akileta umbea, au akiwa hana la kufanya tu. Hapa anayegonga ni mleta vifurushi, na ukifika mlangoni keshaondoka. Mama akasema mwaka ukiisha atarudi zake, nami nilimjua: akisema, amesema. Niliogopa. Sikuwa na mtu mwingine upande huu wa bahari.

Nikamwandikisha darasa la Kiingereza kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Oktoba ilipofika, mwalimu, bibi mmoja wa Kimarekani mpole sana, akawaletea kadi za picha za sikukuu yao ya kutishana. Ghost, mzimu. Skeleton, mifupa mitupu. Mama alizitamka zote kwa sauti yake ya kwaya. Walipofika kwenye witch, yaani mchawi, akafunga mdomo. Mwalimu akarudia, akatabasamu, akamwonyesha hadi ufagio wa huyo mchawi pichani. Mama akatikisa kichwa. Jioni akanieleza kwa hasira: "Mimi siwezi taja muchawi mu kanisa, hata mu Kiingereza!" Nilicheka hadi nikakaa chini. Na jirani alipochonga boga macho na meno akaliweka barazani, mama alinuna kuona chakula kikioza nje. Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Kuhusu meno hawakusema kitu.

Kadi ya mwisho ilikuwa na watoto mlangoni: trick or treat. Nyumbani mama akaniuliza maana yake. Miguu ilikuwa inaniwaka moto kwa kusimama kutwa. Hiyo hadithi ya watoto kutisha watu mlangoni ili wapewe peremende ningeianzia wapi?

"Mama, hiyo ni hodi yao tu."

"Kumbe hii njo hodi?" Uso wake wote ukachangamka.

Jioni ya sikukuu nilimkuta amevaa kitenge cha Jumapili, mezani maandazi na chai ya tangawizi. Mlango ukagongwa. Walikuwa watoto wa jirani, mmoja amejivika mifupa, mwingine mzimu wa shuka, wakapaza sauti: "Trick or treat!" Mama akafungua mlango wote. "Karibuni! Ingieni, batoto yangu!" Wao wakanyoosha ndoo zao, yeye akawaonyesha viti. Mama yao, aliyebaki kando ya barabara, akanitazama mimi. Nikainua mabega. Akacheka, akaja naye. Mzimu akaamriwa kuvua viatu. Na kabla ya kuonja chochote walifundishwa kusema hodi vizuri, na kungoja waitikiwe.

Walipoondoka, mama akaingia chumbani kwake. Nikasikia zipu ya sanduku, nikamfuata mbio. Nilipochungulia, alikuwa akipanga nguo kabatini.

"Bale batoto banarudia lini?" akauliza.

"Mwaka ujao, mama."

"Basi nitabangojea."

Aliwangoja miaka mingi, kila Oktoba na maandazi yake. Mwaka huu, kabla ya joto kuingia, tulimzika. Sikukuu ilipofika nilizima taa ya barazani, ambayo huku ndiyo ishara kwamba hapa msigonge, nikakaa jikoni. Nilimkumbuka mno, hata harufu ya tangawizi sikuitaka.

Mlango ukagongwa hata hivyo. Nje kulikuwa na sauti za watoto, na kati yao moja nzito, ya yule mzimu wa shuka ambaye sasa amebalehe. Wakaita kwa pamoja: "Hodi!"

Nilikawia kuitikia. Nao wakangoja, kama alivyowafundisha.

"Karibuni," nikasema. Wakaingia, wakavua viatu.